Tuzame Pamoja: Kutoka Tabora Hadi Chini ya Ziwa Tanganyika

Leo tunasafiri pamoja. Tunaanza Tabora. Tunafuata njia ya zamani ya misafara mpaka Ujiji na Kigoma. Hapo watu wengi husema safari imekwisha, kwa sababu nchi kavu imekwisha. Lakini sisi tutapanda mashua. Halafu tutaendelea na safari yetu chini ya maji.

Labda utasema, "Mimi ni mkulima wa Urambo. Ninalima tumbaku, mahindi na karanga. Kuzama majini kwa ajili ya kustarehe ni mambo ya watalii. Mimi yananihusu nini?"

Swali lako ni zuri. Liweke moyoni. Tutalijibu kabla ya kuagana.

SIMBI NA KIBANGWA

Kwanza tukumbuke jambo moja. Wazee wa Unyamwezi walivijua vitu vya chini ya bahari kabla ya kuwapo reli. Walivijua hata wale ambao hawakuiona bahari maisha yao yote.

Simbi ni makombe madogo ya konokono wa baharini. Watu walijipamba kwa simbi. Katika nchi nyingine za bara simbi zilitumika kama fedha. Kibangwa nacho kilikuwa kisahani cheupe. Kilikatwa kutoka kombe la konokono mwingine wa baharini. Watemi walivaa kibangwa kiwe alama ya heshima yao.

Vitu hivyo vilifikaje Tabora? Vilikuja mabegani mwa watu. Wapagazi walivibeba kutoka pwani pamoja na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mzigo mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 30 au zaidi. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora walitembea miezi 3, na wakati mwingine zaidi.

Konokono hao huishi kwenye miamba ya matumbawe na katika majani ya bahari. Je, tumbawe ni nini? Ukiliokota ufukoni utadhani ni jiwe. Lakini mwamba wa matumbawe chini ya bahari uko hai. Umejengwa na wanyama wadogo sana. Kila mnyama hujijengea nyumba ya chokaa. Akifa, mwingine hujenga juu yake. Baada ya miaka mingi mwamba unakuwa mkubwa kama kilima. Samaki hujificha humo, hula humo na kuzaa humo.

Watalii wengi huja Tanzania kuiona miamba hiyo. Huenda Mafia, Pemba na Unguja. Hukaa katika boti, huvaa mitungi ya hewa na kuzama. Mafia ina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995 ili kulinda matumbawe na samaki wake. Miamba kama hiyo imewahi kuharibiwa vibaya na watu wanaovua kwa baruti. Mlio mmoja wa baruti unavunja kilichojengwa kwa miaka mingi.

Sisi wa magharibi hatuna matumbawe. Ziwa Tanganyika lina maji baridi yasiyo na chumvi. Lakini lina miamba yake, na katika miamba hiyo kuna maajabu yasiyopungua yale ya baharini. Basi twende tukayaone.

TABORA, MJI WA NJIA PANDA

Kabla ya kuondoka, tutembee kidogo Tabora. Zamani nchi hii iliitwa Unyanyembe. Kituo cha wafanyabiashara kiliitwa Kazeh. Hapa njia ziligawanyika. Njia moja ilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Nyingine ilikwenda kusini. Njia kubwa ilikwenda magharibi, mpaka Ujiji na ng'ambo ya ziwa.

Ukiwa Tabora utaona miembe mikubwa. Mingi ilipandwa katika siku za misafara. Kivuli chake kizuri kinatufurahisha leo. Lakini tusisahau waliopita njia hiyo. Wapo waliopita kwa hiari yao wakitafuta mali. Wanyamwezi walisifiwa sana kwa upagazi. Wapo pia waliopita wamefungwa minyororo na makongwa, wakipelekwa kuuzwa utumwani. Wengi walifia njiani.

Kilomita chache kutoka mjini kuna mahali panapoitwa Kwihara. Hapo pana tembe ambalo sasa ni makumbusho. Livingstone na Stanley walikaa Kwihara mwaka 1872. Mwaka uliotangulia, Stanley alikuta njia ya Ujiji imefungwa. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa anapigana na Waarabu wa Tabora. Ilimbidi Stanley azunguke kwa kusini.

Wazungu wa kwanza kupita Tabora kwenda ziwani walikuwa Burton na Speke. Walifika Tabora mwezi Novemba 1857. Katika msafara wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao. Alitekwa utotoni akauzwa, akapelekwa India, baadaye akapata uhuru na kurudi Afrika. Walifika ziwani Februari 1858. Sasa sikiliza ajabu. Speke alikuwa anaugua macho. Alipofika kwenye ziwa alilolitafuta kwa miezi mingi, hakuweza kuliona vizuri. Aliona kama ukungu tu.

Tukumbuke jambo hilo tutakapofika. Mtu anaweza kufika ziwani na asilione.

GARI MOSHI KWENDA MAGHARIBI

Sisi hatutabeba mizigo kichwani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400.

Ukisafiri mchana, kaa dirishani. Utapita Usoke, Urambo na Kaliua. Utaona misitu ya miombo. Utaona mizinga ya nyuki juu ya miti. Utaona pia mashamba ya tumbaku na mabani ya kukaushia. Tazama pia marundo ya kuni kando ya mabani. Tutayarudia baadaye.

Baada ya Nguruka nchi inabadilika. Unaingia katika bonde la mto Malagarasi. Hapa kuna mabwawa makubwa yenye mafunjo na ndege wengi. Mwaka 2000 mabwawa haya yaliandikishwa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Ndiyo yaliyokuwa ya kwanza kuandikishwa hivyo katika Tanzania.

Swali: maji ya Malagarasi yanatoka wapi? Mengine yanatoka kwako. Mvua inayonyesha Tabora mjini, Urambo na Kaliua huingia katika vijito na mito kama Igombe na Ugalla. Mito hiyo humwaga maji yake katika Malagarasi. Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Kutoka ziwani maji hutoka kwa mto Lukuga, yakaingia mto Kongo, na mwisho yakafika Bahari ya Atlantiki. Watu wa Tabora walikwenda na mizigo Bagamoyo upande wa mashariki. Lakini mvua yao inakwenda magharibi.

Halafu tunafika Uvinza, mahali pa chumvi. Watu wamechemsha chumvi hapa kwa mamia mengi ya miaka. Misafara ilisimama hapa kununua. Kutoka Uvinza si mbali tena. Gari moshi linashuka mabonde, na mara unaona maji ya buluu mbele yako.

UJIJI NA KIGOMA

Ujiji ni mji wa zamani. Ndipo njia ya misafara ilipokutana na ziwa. Hapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Pana nguzo ya ukumbusho na makumbusho. Pana pia miembe, na wenyeji watakuonyesha. Kigoma ilikua baada ya reli kufika, ikawa bandari kubwa.

Bandari ya Kigoma ina habari ya meli moja iliyozama na kuibuka tena. Meli hiyo ni Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam, halafu Kigoma kwa reli. Mafundi waliiunganisha tena, ikaingia majini mwaka 1915. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiichukue. Lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua. Grisi ilikuwa imezilinda injini, zikafaa kutumika. Mwaka 1927 meli ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Ndugu fundi wa baiskeli na mashine za kusaga, umeona faida ya grisi?

MASHUA YETU

Sasa tumepanda mashua. Ni mashua ya mbao yenye injini. Ina kivuli cha turubai, jiko la mkaa, sufuria, maji ya kunywa na mikeka ya kulalia. Katikati imepangwa mitungi ya hewa. Tutakaa humo siku 3. Mchana tutazama. Usiku tutatia nanga katika ghuba iliyotulia.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi. Linapakana na nchi 4: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kina chake kinafika mita 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu linalolizidi kwa kina, nalo ni Baikal la Urusi.

Usiku wa kwanza usilale mapema. Kama hakuna mbalamwezi, utaona taa nyingi juu ya maji, kama mji umeanzishwa ziwani. Hao ni wavuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga, kisha wavuvi huwazungushia wavu. Asubuhi dagaa huanikwa juani. Baada ya siku chache wapo sokoni Tabora, katika kikapu chako.

NAMNA YA KUPUMUA CHINI YA MAJI

Usizame bila kufundishwa. Kazi hii ina sheria zake, na asiyezifuata hufa. Mafunzo huchukua siku kadhaa, na mwalimu lazima awe na cheti. Walimu wa namna hiyo ni wengi zaidi pwani kuliko ziwani. Kwa hiyo mtu huanzia huko, au huuliza kwanza kabla ya kulipa nauli.

Mzamaji hubeba mgongoni mtungi wa chuma. Ndani mna hewa ya kawaida, hii hii tunayovuta sote. Imeshindiliwa kwa mashine mpaka ikaenea mtungini. Mpira huileta hewa mdomoni kupitia chombo kidogo kinachopima kiasi. Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza chombo hicho mwaka 1943. Mzamaji huvaa pia miwani ya maji, viatu vya mpira vyenye umbo la pezi la samaki, na mkanda wa risasi ili asielee.

Jambo la kujifunza ni hili: maji yana uzito. Ukishuka mita 10, maji yanakubana kwa nguvu kama ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Ukishuka na puto lililojaa hewa, hapo litanywea mpaka karibu nusu. Ukipanda nalo, litavimba tena. Mapafu yako ni kama puto hilo. Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: usizuie pumzi kamwe. Ukizuia pumzi huku unapanda, mapafu yanaweza kupasuka.

Sheria ya pili: panda polepole. Umewahi kufungua chupa ya soda kwa ghafula? Mapovu hufumka. Ukiwa chini ya maji, sehemu ya hewa unayovuta huyeyuka katika damu. Ukipanda haraka, hufanya mapovu mwilini kama ya soda. Mapovu hayo huumiza viungo na yanaweza kupoozesha au kuua. Ndiyo maana mzamaji husimama kama dakika 3 kwenye kina cha mita 5 kabla ya kutoka majini.

Sheria ya tatu: usizame peke yako. Chini ya maji hamwezi kuzungumza, mnatumia mikono. Ukimwonyesha mwenzako dole gumba juu, maana yake si "vizuri". Maana yake ni "tupande". Ukitaka kusema "vizuri", unganisha dole gumba na kidole cha shahada kama pete.

Ziwa nalo lina sheria zake. Liko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 700, kwa hiyo mzamaji hupiga hesabu za kina kwa tahadhari zaidi. Akimaliza kuzama apumzike siku nzima kabla ya kupanda ndege au kusafiri kwenda nchi ya juu. Waulize wenyeji kuhusu mamba na viboko. Usiingie mahali penye matete na maji yaliyotuama, maana konokono wa kichocho hupenda mahali hapo. Yupo pia nyoka wa majini mwenye sumu, anayekula samaki. Ukimwona, usimguse, mwache apite.

MWAMBA WA KWANZA

Ni asubuhi. Ziwa limetulia. Tumefika mahali ambapo kilima chenye miti kinashuka mpaka majini. Unakaa ukingoni mwa mashua. Moyo unadunda. Unaingia.

Kwanza utasikia pumzi yako mwenyewe. Kila ukitoa pumzi, mapovu yanapanda yakilia. Halafu utatazama mbele na kusahau woga. Maji ni maangavu, na unaona mbali kama uko nje. Mawe makubwa yamepandana kama maboma. Kila jiwe limefunikwa na ukoga laini wa kijani. Ukoga huo ndio malisho. Samaki wadogo wanaukwangua kama mbuzi wanavyokula majani. Wapo wa manjano, wapo wenye milia, wapo weusi wenye mkanda mweupe.

Zaidi ya aina 200 za samaki wa ziwa hili hazipatikani mahali pengine popote duniani. Zimo humu tu.

Tazama yule jike. Mdomo wake umejaa, lakini hali. Ameficha mayai yake mdomoni. Watoto wakishaanguliwa atawatoa wale. Wakitishwa watarudi mdomoni mwake. Lakini yupo samaki wa jamaa ya kambale mwenye hila. Hutaga mayai yake pale pale jike anapotaga. Jike huyaokota yote, akalea watoto wa mwingine. Nao watoto hao humla wanawe mdomoni mwake.

Yupo samaki mwingine anayekula magamba ya wenzake. Mdomo wake umepinda. Wengine umepinda kushoto, wengine kulia. Wa kushoto hushambulia upande mmoja, wa kulia upande wa pili. Wa upande mmoja wakizidi, samaki wengine hujifunza kuulinda upande huo, na hapo wale wa upande wa pili hupata chakula zaidi. Kwa hiyo hakuna wanaozidi wenzao kwa muda mrefu.

Sasa shuka mchangani. Utaona makombe matupu ya konokono, mamia kwa mamia. Usiyaokote. Sogea polepole. Kichwa kidogo kinachungulia kutoka katika kombe. Ni samaki mdogo kama kidole. Kombe ni nyumba yake. Humo analala, humo anazaa, humo anajificha. Wazee wetu walivaa makombe kuonyesha heshima. Huyu heshima yake ni mlango.

MANENO YA NAHODHA

Siku ya pili tutazungumza na nahodha. Katika safari niliyokwenda mimi, nahodha wetu alikuwa mtu mzima aliyezaliwa kando ya ziwa. Tulikuwa tunakula ugali na migebuka. Kijana mmoja wa Tabora alimwuliza, "Mzee, wewe umeishi hapa tangu utoto. Hata wewe unafurahia kuzama?"

Mzee alinawa mikono kwanza. Kisha akasema:

"Mwanangu, mimi nilivuta kokoro miaka mingi. Nilijua sheria inakataza, lakini nilikuwa na watoto. Tulivuta wavu ufukoni, tukapata samaki wakubwa kidogo na wadogo wengi. Wadogo tuliwamwaga mchangani. Sikufikiri neno. Niliona maji tu, na maji hayana jeraha.

"Siku moja wageni walinifundisha kuzama. Nikashuka karibu na pale pale nilipokuwa navuta. Nikamkuta kuhe na mwenzake. Wamechimba mahali pao katika mchanga, wanalinda watoto. Watoto walikuwa wengi kama wingu. Nilipokaribia, yule baba alinijia usoni. Samaki! Ananifukuza mimi mtu! Nikajua kwamba miaka yote ile wavu wangu ulikuwa unapita juu ya nyumba ya mwenzangu, mwenye watoto kama mimi."

Tulinyamaza. Kijana akauliza, "Ukaacha siku hiyo hiyo?"

Mzee akacheka kidogo. "Hapana. Njaa haiachi siku moja. Niliuza wavu baada ya mwaka. Hilo ndilo linaloniuma, maana aliyeununua aliendelea kuvuta."

MWAMBA WA PILI

Siku ya tatu tunazama mahali pengine. Juu yake kuna kilima pia, lakini hakina miti. Imekatwa kwa kuni na mkaa. Mashamba yamelimwa kutoka juu kwenda chini mpaka karibu na maji. Hakuna matuta ya kukinga udongo.

Unaingia majini. Leo huoni mbali. Mawe yapo, lakini hayana kijani. Yamefunikwa na matope laini. Ukiyagusa, matope yanafumka kama vumbi la barabarani. Ukoga haukui, kwa sababu matope yanazuia mwanga wa jua. Mianya ya mawe imezibwa, na samaki hawana pa kujificha. Unaona wachache, halafu huoni tena.

Wataalamu wamelinganisha mahali penye maji safi na mahali penye matope mengi katika ziwa hili. Wameona kwamba penye matope aina za viumbe hupungua.

Huenda utasema, ziwa ni kubwa, samaki watahamia katikati. Hapana. Chini sana ya ziwa hili, kutoka kama mita 200 kwenda chini, maji hayana oksijeni. Samaki hawaishi huko. Uhai wa ziwa uko katika maji ya juu na kandokando. Ziwa ni kama shamba. Udongo una kina kirefu, lakini rutuba iko juu tu. Ukiondoa tabaka hilo la juu, umebaki na nini?

Liko pia jambo la joto. Hali ya hewa ya dunia inazidi kuwa na joto, na ziwa nalo linapata joto zaidi. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, ambayo yana virutubisho. Chakula cha samaki kinapungua. Hilo hatuwezi kulimaliza peke yetu. Lakini matope na kokoro ni kazi ya mikono yetu, na mikono yetu inaweza kuyaacha.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi 3 ni mirefu kwa mwenye watoto. Anayeishi mbali na ziwa asilichukulie jambo hilo kuwa jepesi. Lakini mkulima analijua vizuri. Mbegu nayo huwekwa akiba hata wakati wa njaa.

JIBU LA SWALI LAKO

Ndugu msomaji, uliuliza kuzama huku kunakuhusu nini. Sasa tujibu.

Kwanza, unakula kutoka ziwani. Dagaa na migebuka wa Kigoma wanafika kwako kwa njia ile ile ya misafara, sasa kwa gari moshi na malori. Ziwa likipungukiwa, mboga yako itapungua na bei itapanda.

Pili, mvua yako inakwenda ziwani. Ukilima mpaka ukingoni mwa kijito, udongo unaondoka shambani mwako kwanza. Wewe unakosa rutuba. Sehemu ya udongo huo hubaki katika mabwawa ya Malagarasi, maana mafunjo huyachuja maji. Lakini mabwawa nayo si chujio lisilochoka. Kwa hiyo lima kwa matuta yanayokinga mteremko. Acha miti na majani kandokando ya mto. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zinazoharibu mazingira zikae mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji.

Tatu, kumbuka yale marundo ya kuni kando ya mabani. Kila mkulima wa tumbaku apande miti ya kukaushia tumbaku yake, asitegemee miombo peke yake. Mti wa miombo hukatwa kwa siku moja, lakini hukua kwa miaka mingi.

Nne, fikiri habari za watoto wako. Kigoma kuna kituo cha taifa cha utafiti wa samaki. Kuna hifadhi za Gombe na Mahale, ambako wageni huja kuona sokwe. Kazi ya kuwaongoza wageni, kuendesha mashua na kuchunguza samaki inafaa ifanywe na vijana wetu. Mtoto anayejua kusoma leo anaweza kuwa mtaalamu huyo kesho.

Zamani mtu wa Tabora alikwenda njia hii na mzigo kichwani. Wengine walikwenda na mnyororo shingoni. Leo tunaweza kwenda kwa hiari, kutazama na kujifunza. Hiyo ni heshima kubwa. Huenda hutazama ziwani maisha yako yote. Haidhuru. Speke alifika ziwani asilione. Wewe umekaa kijijini kwako, umesoma habari hii, na umeliona mpaka chini.

Usimame leo jioni kando ya kijito cha kijijini kwenu. Tazama maji yake. Kama ni mekundu kwa udongo, jua kwamba huo ni udongo wenu unaosafiri. Itisheni mkutano, mzungumze.

MASWALI YA KUJADILI

1. Vitu gani vya baharini vilifika Unyamwezi zamani? Vilifikaje?

2. Maji ya mvua ya kijijini kwenu yanaingia mto gani? Mto huo unakwenda wapi?

3. Kwa nini mzamaji hazuii pumzi wala hapandi haraka?

4. Nahodha aliuza wavu wake wa kokoro, lakini aliyeununua akaendelea kuvuta. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

5. Kijijini kwenu mashamba yako umbali gani kutoka kwenye kijito? Pimeni kwa hatua, kisha mwandike jibu.